Uongo Niliouuza Njia ya Irente

Kwa miaka mingi nilikula kwa uongo mmoja. Sikuuanzisha mimi. Niliukuta njiani, nikauchukua, nikauongezea chumvi, nikauuza kwa kila mgeni aliyenilipa nimtembeze kutoka mjini Lushoto hadi kwenye miamba ya Irente. Wageni walicheka pale nilipotaka wacheke, wakatikisa vichwa pale nilipotaka wasikitike, na mwisho wa safari wakaniwekea kitu mkononi.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Ukitoka mjini ukapanda taratibu kuelekea Irente, unafika mahali ambapo mlima wa upande wa pili unajifunua wote kwa mara moja. Umekatwa ngazi ngazi kuanzia chini karibu na kijito hadi juu kwenye migrivea. Ngazi hii kabichi, ile karoti, nyingine maharage yaliyopandwa katikati ya mahindi, na kwenye kingo zote majani ya guatemala yamesimama kushika udongo na kulisha ng'ombe wa zizini. Hapo nilikuwa nasimama, nanyoosha fimbo, nasema kwa Kiingereza cha kujiamini: “Mnayaona matuta yale? Waingereza waliwaletea babu zetu elimu hiyo tangu miaka ya 1940. Babu zetu wakakataa. Walisema matuta yana uchawi. Wakawazomea mabwana shamba, na mvua ikaendelea kuuosha udongo. Ilibidi waje wajukuu ndipo akili iingie.”

Habari ya uchawi niliitia mwenyewe, na hilo nataka lijulikane mapema. Viongozi wa watalii walionitangulia, wale walionionyesha njia, walisema tu kwamba wazee walikataa matuta kwa kutojua. Mimi nikaona hadithi imepooza. Mgeni aliyetoka Ulaya, ukimtajia uchawi akiwa mlimani Afrika, uchovu unamtoka na daftari linatoka mfukoni. Nilijaribu mara ya kwanza ikashika. Nikaiacha pale pale ilipo, na baada ya muda nikawa naisema kama mtu anayesoma kitabu.

Mimi ni Msambaa wa jina. Baba alitoka upande wa Mlalo akashuka Tanga mjini kutafuta kazi, akaoa huko huko, nami nikazaliwa na kukulia Ngamiani. Kisambaa changu kilikuwa cha salamu. Nilipopanda Lushoto kutafuta riziki, nilijua kusema onga makeo asubuhi na onga mshi mchana, basi. Kilichoniajiri ni Kiingereza cha shule na mdomo mwepesi. Ila mgeni hajui hayo. Kwake nilikuwa mwenyeji, mtoto wa milima, na nililolisema kuhusu babu zangu lilikuwa ushahidi wa mtu wa ndani. Mzungu angesema Wasambaa walikuwa wajinga, mgeni mwenye busara angemtilia shaka. Nikisema mimi, nani atabisha?

Kinachoniuma ni kwamba mji wenyewe haukuhitaji uongo hata kidogo. Gari likiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye moshi wa nyama choma na mabasi ya Arusha, linaanza kupanda kona baada ya kona kwa kilomita 30 na kitu, na joto linabaki chini. Unapita Soni, maji yanaporomoka kando ya barabara. Ukifika Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, unavaa sweta. Sokoni unakuta mapeasi, mafyulisi, viazi mviringo, hoho, na matenga ya nyanya yanayosubiri lori la usiku la Kariakoo. Siku ya gulio kina mama wanashuka vijijini na mizigo kichwani, vitenge vya rangi zote, wakipiga soga la Kisambaa ambalo mimi nililisikia kama ndege wanavyolia. Juu yake iko Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, yenye mikulo mikubwa, mbega weupe kwa weusi, na vinyonga wenye pembe ambao wataalamu wanasafiri kutoka mbali kuja kuwapiga picha. Na Irente yenyewe: unatembea kati ya mashamba, bila dalili yoyote, mara ardhi inakatika chini ya miguu yako. Karibu mita 1,000 chini yako iko Mombo na mashamba ya mkonge, na nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Ukirudi unapitia shamba la Kanisa la Kilutheri, unakula jibini na mkate mweusi uliookwa pale pale.

Mtu mwenye vitu hivyo mkononi anadanganya kwa nini? Jibu si zuri. Nilidanganya kwa sababu mandhari hayahitaji msimulizi. Mgeni anayatazama mwenyewe. Mimi nilitaka atazame mdomo wangu.

Mazungumzo yangu yalianza na Wajerumani na kuishia kwa Wajerumani. Nilisema Lushoto ilikuwa Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Nilisema reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na walowezi wakapanda kupumua hewa baridi. Nilisema afisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892 aliokota Usambara ua dogo la zambarau ambalo leo linakaa madirishani kote Ulaya na kubeba jina lake. Hayo yote ni kweli. Kosa lilikuwa kwa yale niliyoyaacha, maana kwa mpangilio wangu milima hii ilikuwa tupu hadi Mjerumani alipopanda na chupa yake ya bia.

Vuga iko umbali mfupi tu kutoka Soni, nami sikuwahi kumpeleka mgeni hata mmoja. Vuga ndiyo ilikuwa kitovu cha ufalme wa Wakilindi, wa ukoo wa Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyekuja kutoka Ungulu na mbwa wake, akagawa nyama, akaua simba, wenyeji wakamweka awatawale. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga nchi iliyoshuka hadi pwani. Mmisionari Krapf alikwenda kumwamkia mwaka 1848. Burton na Speke walipanda mwaka 1857, kabla hawajaondoka kwenda kutafuta maziwa makuu. Habari hizo zimeandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila kiongozi wa watalii wa Lushoto angepaswa kukimaliza kabla ya kupewa kitambulisho. Mimi nilikuwa nakijua kwa jina la jalada.

Wala sikusema kwamba mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, wa ukoo huo huo wa Wakilindi. Hadithi ya kitanzi hainogeshi mkate mweusi.

Sasa nije kwa mzee.

Shamba lililo kwenye ile kona niliyoieleza lina mwenyewe. Njia ya watalii inapita ukingoni mwake, na mara nyingi tulimkuta akipalilia au amekaa juu ya jiwe akivuta pumzi. Nilimwamkia kila mara, “Shikamoo babu,” akaitikia “Marahaba,” na kwa wageni akapunga mkono. Wageni wengi wanaye kwenye picha zao. Nilimtumia kama sehemu ya mandhari. Wakati mwingine nilimwonyesha kwa fimbo nikisema wazee kama yule ndio waliokataa matuta ujanani. Kwa Kiingereza, bila shaka. Alikuwa mzee wa shamba, mwenye jembe na kofia iliyotoboka. Sikuwaza kwamba anaweza kusikia.

Siku moja nilipewa kazi ya kutembeza wanafunzi wa sekondari kutoka bondeni. Walikuwa na mwalimu wao na madaftari, wamepewa kazi ya kuandika kuhusu mazingira na historia ya Lushoto. Sikuona sababu ya kubadili chochote. Tulipofika konani nikasimama, nikanyoosha fimbo, nikasema yale yale, safari hii kwa Kiswahili. Uchawi nao nikauweka. Watoto wakacheka. Binti mmoja wa mbele, ambaye kwa jina lake nilijua ni Msambaa kama mimi, akaandika huku akisoma kwa sauti kila neno: bibi na babu zetu walikataa matuta kwa sababu ya ujinga na ushirikina. Akanitazama nimthibitishie. Nikamwambia ndiyo, andika.

Mzee akaliweka jembe chini. Alikuja hadi njiani polepole, akawasalimu watoto, akamwomba mwalimu radhi kwa kuingilia kazi yake, kisha akaniambia mbele yao wote: “Mwanangu, miaka yote nakusikia ukiwaambia wazungu maneno hayo nikanyamaza. Wale wanaondoka, na wewe una watoto wa kulisha. Hawa ni wetu. Hawa usiwadanganye.”

Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha chai hadi alipostaafu. Kiingereza changu alikuwa anakisikia vizuri tu, pamoja na makosa yake.

Kisha akawasimulia. Sikuandika siku ile, wala sitajifanya nina maneno yake yote, lakini kiini chake sijakisahau. Wakati wa matuta alikuwa kijana mdogo wa kuchunga mbuzi. Baba yake alikuwa kazini kwenye mkonge, akija nyumbani kwa msimu. Aliyelima ni mama. Alikuwa na vishamba hapa na pale, kama walivyokuwa wanawake wote wa milimani: migomba karibu na nyumba, maharage juu kwenye baridi, mahindi chini kidogo, mihogo mahali pa mawe, ili mvua ikikosekana huku ipatikane kule. Bwana shamba alipokuja na fimbo ya kupimia, alidai mteremko uchimbwe matuta yenye vizuizi katikati, na maeneo yenye mteremko mkali zaidi yasilimwe kabisa. Nani achimbe? Yule yule mama mwenye mtoto mgongoni. Na ni kwa jembe la mkono, kwenye udongo uliokauka, kabla mvua hazijafika, wakati ule ule anaotakiwa kutayarisha shamba la chakula.

Kishamba cha maharage kilikuwa cha kuazima. Milimani kwao, mwenye ardhi nyingi alimwazima asiye nayo, naye akalima msimu kwa msimu bila maneno. Mwenye shamba aliposikia habari za matuta akaja jioni akasema: ukishachimba kitu cha kudumu, kesho utasema ni chako. Akalichukua. Wengine waliogopa kinyume chake, kwamba ardhi ikishatengenezwa vizuri serikali itawapa walowezi. Hawakuwa wanaota. Walikuwa wameyaona mashamba ya walowezi na mipaka ya misitu ya serikali kwa macho yao.

Mama yake hakumaliza matuta kwa wakati. Aliitwa barazani, akatozwa faini. Waliuza mbuzi.

Mvua kubwa ya masika iliyofuata, maji yakajaa kwenye matuta yaliyochimbwa haraka haraka, moja likapasuka juu, yakafuatana yote hadi kijitoni. Mzee alieleza hilo kwa mkono, akiushusha mbele ya kifua. Halafu akamgeukia yule binti mwenye daftari. “Uchawi haukutajwa,” akasema. “Iliyotajwa ni njaa.”

Mwalimu wao hakusema kitu. Aliwaambia watoto wakate walichoandika. Nikaisikia ile sauti ya kalamu zikipita juu ya karatasi, nikawa natazama viatu vyangu.

Ningependa kusema niliomba radhi pale pale. Sikuomba. Nilicheka kidogo, nikasema wazee wana mengi, nikawaongoza watoto mbele kwenye miamba. Nilikuwa na hasira. Nilijiambia kuwa mzee mmoja hawezi kuwa historia, kwamba kila mtu humtetea mama yake. Kwa muda nilibadili njia, nikawa napitisha wageni upande wa pili ili nisikutane naye, na kule nako nikasema maneno yale yale nikiwa nimenyoosha fimbo kwenye mlima mwingine. Hicho ndicho kipande cha habari hii ninachokionea haya zaidi. Mtu akisema uongo bila kujua, tumwite mzembe. Mimi baada ya siku ile nilijua.

Aliyenigeuza alikuwa mgeni, tena si kwa wema wake. Alikuwa msomi, mtu wa chuo kikuu, ambaye aliniacha niseme yote hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kumsoma Steven Feierman. Sikuwahi. Akaniambia kwamba huyo alifanya utafiti wake hapa hapa Usambara, kwamba kitabu chake cha 1990 kinahusu wakulima wa milima hii na hoja zao dhidi ya mpango ule wa matuta, na kwamba yeye alitegemea kupata kwangu kitu ambacho hakimo kitabuni. Alinilipa sawasawa, hakuongeza hata senti. Nilistahili.

Nilikitafuta. Kilinichukua muda, na Kiingereza chake si cha kumwonyeshea mtu mbega. Lakini yule mzee alikuwemo mle, si kwa jina wala kwa sura, ila kwa hoja: kazi ya wanawake, mashamba ya kuazima, hofu ya kunyang'anywa, hasira juu ya wazumbe, yaani machifu wa kienyeji, waliotumwa kusimamia amri isiyokuwa yao. Mpango ulianzia kwenye bonde la Mlalo, kwa baba yangu, miaka ya 1940, ukatandazwa Usambara katika miaka ya 1950, na ukaachwa kabla ya uhuru kwa sababu watu walikataa kwa pamoja na kwa mpango. Hawakuwa peke yao. Uluguru mwaka 1955 ugomvi wa matuta ulifika kwenye risasi na mtu akauawa. Upinzani huo ndio uliowapa viongozi wa TANU masikio milimani. Kwa maneno mengine, pale konani nilipokuwa nikiwachekesha wageni kwa ujinga wa babu zangu, nilikuwa nimesimama mahali ambapo baadhi ya siasa za uhuru wa nchi hii zilichimbwa kwa jembe.

Na aliyekuwa hajui udongo ni nani hasa? Wajerumani walipoiona misitu ya Usambara ya Mashariki miaka ya 1890, miti minene, majani yanadondosha maji, walifikiri chini yake kuna rutuba isiyo na mwisho. Wakaikata wakapanda kahawa. Baada ya miaka michache kahawa ikadhoofika, maana rutuba ile ilikuwa kwenye majani yanayooza na miti yenyewe, si ardhini. Fedha nyingi zilipotea pale. Sijapata kumsikia kiongozi wa watalii akisimama Amani, kwenye milima hiyo ya Mashariki, akasema Wajerumani waliangushwa na ushirikina.

Tena kazi za mashamba hayo nani alifanya? Kuanzia 1907 wilaya ya Wilhelmsthal ilikuwa na mfumo wa kadi: kila mwanamume alitakiwa kumaliza siku 30 za kazi kwa mlowezi katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyejaza kadi alipelekwa kazi za serikali. Ukiwa umerithi kumbukumbu ya kadi kutoka kwa baba yako, bwana shamba anapokuja na fimbo na orodha ya majina, humwoni kama mwalimu.

Lakini sitaki kubadilisha uongo mmoja kwa mwingine. Udongo ulikuwa unaondoka kweli. Yule mzee mwenyewe hakukataa hilo, na Waingereza hawakukosea walipoyatazama makorongo. Walikosea walipodhani tatizo ni kichwa cha mkulima. Hawakutazama ni kwa nini mkulima amesukumwa juu ya mteremko, wala chakula chake cha msimu ule kitatoka wapi wakati anachimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukaleta majani ya kingo, miti ya kuchanganya na mazao, ng'ombe wa kulishwa zizini. Huo nao haukupokewa wote. Watu walichukua kilichowafaa. Majani yanayolisha ng'ombe yalienda haraka kuliko ngazi, kwa sababu ng'ombe anakamuliwa jioni ile ile.

Ngazi zilikuja kushika pale mboga zilipoanza kulipa. Shamba likiwa lako mwenyewe, mfereji wa maji ukiwa unapita juu yake, na lori likiwa linasubiri, mtu anachimba bila kuambiwa. Hata hapo usidhani mkulima amepumzika. Dalali anafika na gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa, analipa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Kabichi likishuka bei Kariakoo, linaozea mlimani. Yule mzee alizichimba ngazi zake mwenyewe na wanawe, nyingi baada ya kustaafu. Mtoto wa mwanamke aliyetozwa faini kwa kutochimba ndiye mwenye matuta mazuri kuliko wote kwenye njia ya Irente. Miaka yote nilikuwa naonyesha kazi ya mikono yake kama ushahidi dhidi ya mama yake.

Nilikwenda kwake. Nilibeba sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda kuposa, nikakaa kwenye benchi la nje nikamwomba radhi. Nilitegemea, nakiri, maneno makubwa ya msamaha kutoka kwa mzee wa milimani, maneno ambayo pengine ningeyaweka kwenye mazungumzo yangu ya njiani. Hakunipa. Alisema amesikia. Kisha akasema jambo jingine alilotaka tuzungumze: wageni wangu wanakanyaga ukingo wa tuta la juu wakipiga picha, udongo unaporomoka, na kijana wake anarekebisha kila wiki bila kulipwa. Akataka kila kundi linalopita lilipe. Tulipatana bei. Alinikaba kweli kweli, na ile bei ninailipa hadi leo kwa wanawe, maana yeye ametutoka.

Yule binti wa daftari sijamwona tena. Sijui shule ilirudi kuandika nini.

Siku hizi konani nasema habari nyingine. Nasema kuhusu vishamba vya mama, kuhusu kuazima ardhi, kadi za Wajerumani, faini ya mbuzi. Huchukua muda mrefu zaidi, na haichekeshi. Wageni wengine wanatazama saa. Wapo wanaoniuliza, kwa upole, kama hakukuwa na imani za kienyeji kuhusu jambo hilo, nami naona kabisa kuwa wanataka kile kile nilichokuwa nauza. Kuna mwenye hoteli aliyeacha kuniita kwa kuwa nawafanya wageni wawe wanyonge kabla ya chakula cha mchana. Vijana wengine wa kazi yetu bado wanasimama pale pale na fimbo zao, na baadhi yao uchawi walijifunza kwangu. Nimewaambia, na wawili watatu wameacha. Wengine wanasema, kaka, wewe ulishajenga nyumba kwa hadithi hiyo, sasa unatufungia sisi duka. Jibu la kutosha sina. Nyumba ipo.

Vuga sasa naenda. Si kivutio cha kumshangaza mtu wa kamera, na ninawaambia wageni hivyo kabla hatujapanda gari, ili anayetaka maporomoko abaki Soni.

Waliokuwa watu wazima wakati wa matuta wamebaki wachache mno, Mlalo, Bumbuli, Mtae na kwingineko. Kama una bibi au babu wa umri huo huko juu, nenda umuulize mwaka huu, tena umuulize kwa Kisambaa kama unacho. Na kama uliwahi kutembea nami njia ya Irente zamani, ukaandika mahali fulani kwamba Wasambaa walikataa matuta kwa kuogopa uchawi, tafadhali likate. Nililitunga mimi.